Kopo la Siagi Juu ya Soketi

Kwa miaka kumi na mmoja fundi alifanya kazi ambazo wengine walizitia sahihi. Alipanda ngazi, akavuta nyaya darini, akafunga ruta kwenye zahanati, shule na maduka. Jioni akaja bwana mmoja mwenye kalamu mfukoni, akatazama juu, akatazama chini, akaandika jina lake. Hakuwa mtu mbaya bwana huyo. Alikuwa na leseni tu, na fundi hakuwa nayo, na fomu ya kukabidhi kazi ina mstari mmoja wa sahihi. Mwanamke aliyejaa vumbi la dari kuanzia nyusi hadi viatu alikuwa akisimama pembeni, ameshika bisibisi, akingoja kazi yake iitwe ya mtu mwingine.

Mtihani wa leseni hiyo, ukiusikia, utauona mwepesi. Unaweka ukurasa mmoja kwenye kompyuta yako ya nyumbani, kisha unaufungulia njia ili mtu aliye mbali aweze kuufikia kwa intaneti. Basi. Unaipa bodi ya leseni namba ya anwani yako, na siku ikifika, wakati wowote kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, mtahini usiyemjua anabisha mara moja tu. Mlango ukifunguka umefaulu. Usipofunguka, harudi. Na kila mtu ana nafasi tatu maishani mwake, hakuna ya nne.

Fundi alishatumia mbili, na zote mbili zilikwenda kwa namna ambayo hakupenda isimuliwe mbele ya wageni. Mimi nitaisimulia.

Mara ya kwanza aliujaribu ukurasa kwa simu yake, ukafunguka. Mumewe, dereva wa lori la mikate, akajaribu kwa yake, ukafunguka. Mama mkwe akajaribu, akasema anauona vizuri kuliko runinga. Mpaka jirani aliitwa dirishani na simu yake, naye akasema nauona. Siku ya siku mtahini akakuta ukuta. Kumbe wale wote, jirani akiwemo, walikuwa kwenye waifai ya nyumba ile ile, maana jirani alipewa neno la siri tangu alipokuwa akiuguza mgonjwa. Walikuwa watu walioketi sebuleni wakishuhudiana kwamba sebule ipo. Aliyekuwa nje hakuulizwa.

Mara ya pili njia aliifungua barabara, lakini umeme ulikatika dakika moja tu, na uliporudi ruta ikagawa upya namba za vyombo vya ndani. Namba ya kompyuta ikaangukia kwa runinga. Mtahini wa watu akaja, akabisha, akapelekwa kwenye runinga. Mama mkwe alicheka hadi akajishika ubavu. Kisha akauona uso wa mkwewe, akaenda kumbandikia chai.

Mara hii ya tatu fundi hakuacha mwanya. Namba ya ndani ya kompyuta aliigandisha isihame hata umeme ukatike mara mia. Soketi za ruta na kompyuta aliziunga kwenye betri ya akiba. Ofisi ya kampuni ya intaneti aliiendea mara nne mpaka wakamtoa kwenye namba inayotumiwa na mtaa mzima, waliyomhamishia baada ya jaribio la pili, na kumpa ya peke yake ya kutazama nje. Ila karani aliyemhudumia alimwonya. Namba hii, alimwambia, ni yako maadamu ruta inawaka. Ukiizima, tunampa mwingine, nawe ukiwasha unapewa yoyote iliyopo. Zisizobadilika ni za mabenki na hospitali. Na fomu ya bodi, bahati mbaya, ilitaka namba.

Kwa hiyo uhai wa fundi siku hiyo ulining'inia kwenye swichi moja. Swichi yenyewe ilikuwa ukutani, kwenye ujia mwembamba kati ya jiko na chumba cha mama mkwe, na mama mkwe alikuwa mzimaji.

Simsemi vibaya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama huyu aliumwa hasa. Miaka thelathini nyuma nyumba yake iliungua kwa sababu ya adapta ya redio iliyoachwa kwenye soketi ndani ya kabati. Yeye alitoka na mtoto mgongoni, ndiye huyu dereva wa mikate. Mumewe alitoka pia. Kisha mumewe akarudi ndani kufuata cherehani, kwa kuwa cherehani ndiyo iliyokuwa ikiwalisha, na hakutoka tena. Tangu hapo hakuna soketi iliyobaki imewaka pale mama huyu alipopita. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayefunga dirisha mvua ikianza. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyewahi kumwambia aombe. Mwanawe alikulia kwenye giza hilo dogo la kila ukuta na hakuona ajabu. Fundi alipoolewa humo, alilizoea.

Siku moja kabla ya mtihani walizungumza. Mama mkwe aliahidi kwamba hataigusa, akashika na sikio kuapa. Fundi alimwamini mama, lakini mkono wake hakuuamini. Akachukua kopo tupu la siagi, akalikata ubavuni ili nyaya zipite, akalifunika juu ya soketi na adapta humo humo ndani, akalizungushia utepe mweusi wa umeme, na juu yake akaandika kwa kalamu nene: USIZIME.

Mama mkwe alilitazama kopo lile kwa muda.

"Kinapumua humo?" akauliza.

Fundi akacheka, akamjibu kwamba adapta si kuku. Kinyozi hajinyoi. Angeliona kopo kama lile kwenye nyumba ya mteja, angelibandua kwa hasira na kumhubiria mwenye nyumba juu ya joto.

Siku ikafika. Mume aliondoka alfajiri na mikate yake, watoto wakaenda shule, na saa mbili kamili ujumbe wa bodi ukaingia na alama ya siku, tarakimu sita za kubandikwa kwenye ukurasa. Fundi alizibandika, akazihakiki moja moja. Akampigia mdogo wake, karani wa shule katika mji mwingine, ambaye walishapatana kwamba atakuwa akiufungua ukurasa kwa bando lake kila robo saa na kutuma neno moja: ndiyo. Saa tatu kasorobo ndiyo ya kwanza ikaja. Saa tatu, ndiyo. Mtihani ukawa umeanza, na hapakuwa na cha kufanya ila kukaa.

Kukaa huko ndiko kulikomuua. Mtu akipewa swali ajibu, walau ana kazi. Yeye aliketi mbele ya skrini akitazama orodha ya wanaobisha ikijiandika mstari kwa mstari, roho mkononi. Watu wengi hawajui, lakini mlango wowote ukiufungua kwenye intaneti, hujakaa vizuri kitini wameshafika wa kutikisa vitasa. Si watu, ni mashine zilizotumwa na watu, zinapita nyumba hata nyumba duniani kote zikitafuta aliyesahau komeo. Mama mkwe alikuja na ungo wake wa mchele, akakaa karibu, akauliza hao ni akina nani. Fundi akamweleza. Mama akasema basi mbona hapa kwetu hatuna cha kuibiwa, labda ile runinga iliyofeli mtihani.

Walicheka, na kicheko kile kilimlegeza fundi mabega kidogo. Saa nne na dakika saba mgeni mwingine akabisha, kutoka namba za nchi ya mbali kabisa. Akaufungua ukurasa, akachukua na kijipicha kilichokuwa juu yake, akaondoka. Fundi akasonya, akasema mwizi mwingine huyo. Yeye alikuwa akingoja namba za ofisi ya bodi, alizozikariri kama jina lake. Mama mkwe, bila kuinua macho kwenye mchele, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Saa nne na robo, ndiyo. Na nusu, ndiyo. Saa tano, ndiyo. Na robo, ndiyo. Mama alishamaliza mchele, akaenda jikoni, kisha chumbani kwake.

Saa tano na nusu mdogo wake akaandika: haufunguki.

Fundi akaufungua ukurasa kwenye simu yake. Ukafunguka. Akaita kwa sauti kuelekea ujiani, mama unauona? Sauti ya mama ikarudi kutoka chumbani kwamba anauona, fundi wangu, uko wazi kabisa. Fundi akamwandikia mdogo wake kwamba bando lake limekwisha, aongeze. Ungedhani mtu aliyeumwa na kosa hilo mara moja asingelirudia. Lakini hofu ina tabia ya kumuuliza aliye karibu, na aliye karibu siku zote yuko ndani. Simu ya mama, kama ya fundi mwenyewe, ilikuwa kwenye waifai ya nyumba, na ule ukurasa aliuwekewa aupitie njia ya ndani ili asihangaike. Angeuona hata kama dunia yote ya nje ingekuwa imefungwa.

Saa sita kasorobo mdogo wake akapiga. Amejaribu kwa simu yake, amejaribu kwa simu ya mwalimu mkuu, amejaribu kwa kompyuta ya ofisi. Hakuna kitu, dada.

Fundi alikata simu. Akaingia kwenye ruta kutazama namba yao ya nje. Asubuhi iliishia na thelathini na moja. Sasa iliishia na themanini na nne. Akateremsha macho kwenye mstari mwingine, ule unaosema chombo kimewaka kwa muda gani. Kilipaswa kusema siku sita. Kilisema dakika ishirini na mbili.

Alisimama taratibu, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni. Ujiani kopo la siagi lilikuwa mahali pake. Maandishi yalikuwa pale pale. Ila utepe mweusi ulikuwa umebanduliwa na kurudishwa, na umerudishwa vizuri, umelainishwa kwa kidole pembe zote na mtu asiyependa kazi chafu.

Mama mkwe alikuwa ameshatokeza mlangoni, na alisema kabla hajaulizwa. Alipita, akasikia harufu ya plastiki. Akagusa kopo, moto kama kikombe cha chai. Alitaka kumwita, lakini fundi alikuwa na kazi na uso ule wa mtihani. Akabandua, akazima, akaipepea adapta kwa upindo wa gauni mpaka ikapoa, akawasha. Taa zote zikarudi kijani. Akatazama kwenye simu, ukurasa upo. Akaona hakuna haja ya kumtia mtu wasiwasi.

Yote hayo yalikuwa kweli, na ukitaka haki, yalikuwa busara. Plastiki ilikuwa imeanza kulainika upande mmoja. Fundi aliliona hilo kwa macho yake na hakutaka kuliona. Aliona miaka kumi na mmoja. Aliona bwana wa kalamu. Ulimi hauna mfupa, na wake ulisema jambo ambalo hakujua kwamba alikuwa nalo.

"Nyumba yako uliiunguza mwenyewe, mama. Yangu ungeniachia."

Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja. Mkono wake wa kulia, ule wa swichi, aliuingiza chini ya ule wa kushoto, akaushika hapo kama kitu kilichoiba. Fundi aliuona mkono huo ukifichwa. Ilikuwa ni wakati wa kusema samahani, na wakati huo ulipita akiwa amesimama ndani yake, kwa sababu alikuwa bado na hasira na hasira ilikuwa tamu kuliko woga.

Akarudi kwenye simu. Kwenye ofisi ya bodi akapokea dada mmoja mwenye adabu sana, adabu ya ukuta uliopakwa rangi. Namba haibadilishwi baada ya saa mbili asubuhi. Je, mtahini amekwisha kubisha? Hilo haliwezi kusemwa kabla ya saa tisa. Je, kama mtu amepata ajali? Dada akasema kwa upole kwamba nafasi tatu zimewekwa kwa ajili ya ajali.

Ndipo fundi alipofanya jambo ambalo fundi hafanyi. Alianza kubahatisha. Kama kuzima na kuwasha kulimpa namba mpya, basi kuzima na kuwasha kungeweza kumrudishia ya zamani. Akalibandua kopo lote na kulitupa sakafuni. Akazima. Akahesabu sekunde thelathini. Akawasha, akasubiri taa zigeuke moja moja, dakika tatu na ushee, akakimbilia skrini. Mia moja na tisa. Akazima. Kumi na saba. Akazima. Mia mbili arobaini. Kila mara alikuwa akikimbia kutoka ujiani hadi sebuleni na kurudi, na kila mara alipita mbele ya mama mkwe aliyesimama kizingitini akimwangalia mtu aliyekataza swichi isiguswe akiizima na kuiwasha kama kichaa. Mama alimpisha tu. Angeweza kusema, na angekuwa na haki.

Mara ya sita iliishia na thelathini na moja. Fundi aliinyakua simu. Alimpigia mdogo wake akimwambia fungua, fungua sasa hivi, na huku mdogo wake akijaribu, macho ya fundi yakarudi nyuma kwenye tarakimu za katikati na kukuta zimetofautiana. Ni mtaa mwingine wenye nyumba namba ile ile. Haufunguki, dada, mdogo wake akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayelia kimya kimya akiwa kazini.

Akajaribu mara tano zaidi. Kisha akaacha, kwa kuwa lilimjia wazo lililomkalisha chini. Namba ile ya asubuhi haikuwa ikielea mahali ikimngoja. Kampuni ilishampa mtu. Kuna nyumba fulani mjini ambamo mtu amewasha ruta yake aangalie mpira au apike kwa kufuata video, na mlango wake sasa ndio uliokuwa mkononi mwa mtahini. Mtahini atabisha kwake. Yeye hatajua hata kwamba amebishiwa.

Ilikuwa imetimia saa saba na dakika chache. Fundi aliketi mbele ya skrini, mikono mapajani. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na kupitia hapo aliona ujia wote hadi mwisho.

Aliona mama mkwe akitoka jikoni akiburuta kigoda. Alikiweka chini ya soketi, akaketi, mgongo ukutani. Akaliokota kopo la siagi sakafuni, akaliweka mapajani. Kila baada ya muda alinyanyua mkono wa kushoto, akagusa adapta kwa ncha ya kidole kupima joto, akaushusha. Mkono wa kulia hakuutumia. Alikuwa analinda.

Alikuwa akilinda mlango ambao hakuna tena aliyekuwa na anwani yake. Fundi alilijua hilo na mama hakulijua. Sentensi moja tu ingemwinua pale: mama, ondoka, imeshaharibika, haina maana tena. Fundi hakuisema. Mwanzo alijiambia kwamba hana nguvu ya kuongea. Baadaye, dakika zilivyokwenda, hata yeye hakuweza kujidanganya hivyo. Alimwacha akae. Alitaka mtu mwingine naye aumie, na aliyekuwa karibu alikuwa yule.

Saa nane ikapita. Jirani alikuja mlango wa jikoni akamwita mama waende kutazama kitambaa walichokuwa wamepanga, na mama akasikika akimjibu kwamba leo hatoki, ana kazi. Chakula kilikuwa jikoni kimefunikwa, hakukigusa. Maji hakunywa. Mtu wa miaka sabini na mbili, mwenye magoti yanayolia akipanda kitandani, aliketi kwenye kigoda cha futi moja bila kuegemeza shingo. Mara moja aliinua uso na macho yao yakakutana kutoka mwisho hadi mwisho wa ujia. Fundi ndiye aliyeyahamisha yake.

Saa tisa kasoro dakika tano alifunga skrini. Alikuwa ameshaanza kuwaza kesho, kazi iliyomngoja kwenye ghala moja, ngazi, vumbi, na jioni yule bwana. Atamfungulia mlango, atamshikia tochi. Na kesho kutwa hivyo hivyo, mpaka magoti yake nayo yaanze kulia.

Saa tisa kamili simu ikatikisika mezani. Hakuigusa mara moja. Alipoigusa, alisoma akitafuta neno moja alilolizoea, umefeli, na halikuwepo. Akaanza upya kutoka juu.

Ukurasa wako ulifunguka saa nne na dakika saba asubuhi. Alama ya siku ni sahihi. Umefaulu.

Alisoma mara tatu. Akaifungua tena skrini, akaipandisha orodha ya wanaobisha, akapita mistari ya wezi mmoja mmoja mpaka akaufikia. Nchi ya mbali. Aliufungua ukurasa, akachukua na kijipicha. Mashine za wezi hazichukui picha, huo ni mchezo wa mtu mwenye macho, na fundi alilijua hilo miaka yote isipokuwa asubuhi ile. Bodi ilibisha kwa kupitia mbali, ili asiwepo wa kumtambua mtahini. Saa nne na dakika saba. Mama alikuwa na ungo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Furaha ilikuja, sitasema haikuja. Ilimjaa kifuani kwa kishindo, akajikuta amesimama, mikono kichwani, akimwona yule bwana akirudisha kalamu mfukoni kwa mara ya mwisho. Akashika simu ampigie mumewe. Kisha akatazama ujiani, na kidole kikabaki hewani juu ya simu.

Mama alikuwa ananyanyua mkono wa kushoto kupima joto.

Ujia ule ulikuwa na hatua tisa. Fundi alizitembea zote akitafuta mahali pa kuanzia, na alipofika hakuwa amepapata, kwa hiyo alikaa sakafuni, kwenye sementi, chini kuliko kigoda. Akasema wamefungua, mama. Nimefaulu. Walifungua asubuhi.

Mama mkwe hakuelewa upesi. Alikuwa amekaa na jambo moja kwa saa mbili na lilikuwa limemkaba.

"Asubuhi saa ngapi?"

"Saa nne na dakika saba. Yule niliyemwita mwizi."

Mama alitembeza midomo bila sauti, akihesabu. Fundi alimwona akihesabu: mchele, jiko, chumba, harufu, kopo.

"Mimi nilizima saa tano," mama akasema. "Saa tano na dakika ishirini."

"Ndiyo, mama."

"Basi sikukuunguzia."

Aliisema polepole, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo na bado haamini kwamba mabega ni yake. Fundi alifungua kinywa. Alisema nisamehe, mama, na akaisema tena, na mara ya pili ilikatika katikati. Alisema kopo ndilo lililokuwa na kosa, yeye ndiye aliyelifunika, na kama mama asingepita huenda sasa hivi wangekuwa wamesimama nje wakihesabu watu. Yote hayo yalikuwa kweli. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga hana budi kuinama na kitambaa.

Mama alimwekea mkono kichwani, ule wa kushoto. Akamwambia hongera, fundi. Siku zote alikuwa akimwita fundi wangu. Labda alisahau tu, alikuwa amechoka. Akakohoa kidogo, akanyoosha mguu mmoja, ukalia, akasubiri uache.

Kisha akatazama soketi. Ruta ilikuwa ikiwaka kijani kwa wageni wasio na kazi hapo, adapta ina joto lake la kawaida, na mtihani ulikuwa umekwisha. Mkono wa kulia ulitoka chini ya ule wa kushoto, ukapanda kuelekea ukutani kama ulivyopanda kwa miaka thelathini, ukafika nusu ya njia, ukasimama.

"Nizime?" mama akauliza.

Fundi aliutazama mkono ule. Alimwambia zima, mama. Mama akabaki akimtazama, mkono hewani, akingoja kuambiwa mara ya pili.